Sidi na Kiti cha Katikati

Mmeniomba, nyinyi mlioirithi ofisi yangu ya usajili, niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukichagua wanafunzi kabla ya kompyuta kuanza kuwachagulia. Nimekubali, kwa sharti kwamba msiniite gwiji. Gwiji ni mtu ambaye hakuna anayembishia tena, na mimi bado napenda kubishana. Niiteni Bi Rukia, kama mlivyoniita nilipokuwa nikiwafukuza ukumbini na vikombe vyenu vya chai.

Kazi ya usajili katika chuo chetu cha biashara hapa Kilifi niliifanya mpaka magoti yakakataa ngazi. Ukiisikia ni kazi nyepesi: watu wanaomba, unachagua, unawajulisha. Lakini darasa la biashara lina ugumu wake. Ukilijaza watu wa aina moja watakaa muda wote wakikubaliana, na mtu hajifunzi biashara kwa kukubaliwa. Unataka binti wa benki aketi na muuza mitumba, mtu wa bara aketi na mtu wa Takaungu, Mwislamu na Mkristo waketi na yule anayeshika bado dini ya babu zake. Unataka wagombane kidogo, kwa adabu.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mwalimu Bakari, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye sauti iliyomzidi mwili. Nilipokuwa mgeni kazini nilibandika matangazo ya rangi pale Kuruwitu, kwenye ukuta wa banda la samaki, nikarudi ofisini kungoja. Hakuja mtu. Mwalimu Bakari akaniuliza nimemsalimia nani huko. Nikamwambia nimebandika. Akanitazama kwa huruma, akasema ule ukuta hauna mtoto wa kusomesha.

Basi tangu hapo nikawa naingia nyumba za watu. Naketi, nauliza hali ya mgonjwa, nakunywa nilichopewa, na habari ya chuo naitaja mwisho kabisa, nimeshasimama kuaga. Najua nyinyi mnatuma ujumbe mmoja kwa simu unafika kwa watu elfu. Tumeni. Lakini mkitaka mtu ambaye hajawahi kufikiria kwamba chuo ni mahali pake, itabidi mvae viatu mwende.

Ndivyo nilivyompata Sidi. Nilikuwa Mariakani, nimetoka kuzungumza na wanawake wa sokoni, nikasikia mnunuzi mmoja akimwambia mwanamke kijana kwamba maziwa yake yametiwa maji. Watu wakageuka. Pale jina la mtu linaweza kufa asubuhi moja. Yule mwanamke hakupaza sauti. Akachota maziwa kikombe kimoja, akanywa nusu, nusu akampa yule bwana, kisha akamngoja. Bwana akanywa. Sidi akamwomba awaambie watu ameonja nini. Yule bwana akapangusa midomo, akanunua dumu zima, akaondoka bila kutazama nyuma.

Nikamfuata hapo hapo. Alikuwa akikusanya maziwa kwa wafugaji wa huko ndani, vijiji ambavyo gari haliendi mvua ikinyesha, na kuyaleta Mariakani. Sasa wanunuzi wakubwa walikuwa wameanza kuwaendea wafugaji wake wenyewe na karatasi za mkataba, na Sidi hakujua kuzisoma karatasi zile kwa jicho la mfanyabiashara. Shule aliacha kidato cha pili. Vyuo alivyobisha hodi vilimtaka cheti, vikamrudisha. Akaniuliza, "Na kwenu, mama, wataanza na cheti?"

Nikamwambia kwetu wataanza na maziwa.

Sikumdanganya. Chuo chetu kilikuwa na nafasi chache kwa watu wa namna yake, tukiziita mlango wa uzoefu. Umefanya kazi miaka, huna cheti, unakuja unafanyiwa usaili kama wengine, ukiuweza unaingia. Lakini mwaka ule mkurugenzi wetu mpya, Daktari Achieng', alikuwa na mashaka na mlango huo. Alikuwa mwanamke wa haki, mchapakazi, ametoka Kisumu na jina zuri. Aliona watu wanaoingia kwa uzoefu wanasifiwa sana na sisi tuliowaleta, kisha wanazama darasani. Akaniambia waziwazi: kama wa mwaka huu hawatasimama kwenye usaili, mwakani mlango utafungwa. Mimi nikamjibu kwa kiburi kwamba asubiri amwone Sidi.

Usaili wenyewe ulikuwa hivi. Waombaji wachache wanaketi meza ya duara, wanapewa jambo la biashara, wanajadiliana. Sisi wa jopo tunakaa pembeni, hatusemi neno, tunaandika. Nani anasikiliza, nani anamkata mwenzake, nani anabadili mawazo akionyeshwa. Na ili meza zisiwe za watu wa mahali pamoja, tulikuwa tukiwachanganya kwa mahali walikotoka: mmoja wa Malindi, mmoja wa Mariakani, mmoja wa Takaungu, mmoja wa Mtwapa. Tuliuona utaratibu huo kuwa werevu mtupu. Hatukukumbuka kwamba ndoa haifuati ramani.

Siku yenyewe Sidi alifika mapema, amefunga leso mpya, anatabasamu. Akanisalimu shikamoo kwa mikono miwili. Nikamwonyesha meza yake. Waliokuwa wameshaketi ni binti mmoja wa benki kutoka Mtwapa, na kijana aitwaye Musyoka, ambaye wazazi wake walihamia kutoka bara na yeye alikuwa akiuza katika duka la vifaa vya ujenzi Takaungu. Wengine wakafuata. Wa mwisho kuingia alikuwa mzee wa koti la kahawia, Mzee Charo, mwenye biashara ya nazi ya jumla huko Malindi. Na yeye alikuwa wa mlango wa uzoefu.

Swali walilopewa lilikuwa rahisi kusoma na gumu kujibu. Hoteli inataka kununua maziwa yote ya kijiji kwa bei moja isiyobadilika mwaka mzima. Kijiji kikubali au kikatae?

Wanangu, nilipolisikia swali lile nilitaka kucheka kwa furaha. Lilikuwa kama limeshonwa kwa kipimo cha Sidi. Nikakaa vizuri, nikamtupia Daktari Achieng' jicho la ngoja uone.

Sidi hakusema kitu. Mwanzoni nilidhani anawapa wenzake nafasi. Binti wa benki akasema yake, vizuri sana, Musyoka akajibu, na Sidi bado kainamisha kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akakigeuza kiti chake upande, polepole, mpaka akawa anatazama mlango. Leso akaivuta mpaka karibu ya macho. Mtu akamwuliza ana maoni gani, akatikisa kichwa. Mzee Charo naye alikuwa akitazama dirishani kama mtu anayengojea mvua, na aliyoyasema yote yangeingia kwenye kiganja.

Niliona kalamu ya Daktari Achieng' ikiandika, na nilijua inaandika nini. Niliona haya, sitaficha, na pia nilimkasirikia Sidi, maana nilidhani ameingiwa na woga mbele ya wasomi na amenivunja mgongo.

Kikao kilipokwisha tulikuwa na mapumziko ya chai, na baada ya chai jopo liketi kuamua. Waombaji wengine wakajazana kwenye birika. Sidi alisimama nje uani, kwenye jua, mikono mitupu. Nikamwambia aingie anywe chai. Akasema hana kiu. Mzee Charo akatoka ukumbini na kikombe chake, akamwona, akageuka akapitia mlango wa nyuma, njia ndefu, kwenye tope. Mzee yule, na viatu vyake vilivyopigwa rangi.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza vizuri. Nikamvuta Sidi kando nikamwuliza yule mzee ni nani kwake. Mumewe, kumbe, ni mwana wa kaka yake Mzee Charo, na kwao ndugu wa baba mkwe ni baba mkwe vilevile. Hawatazamani usoni, hawaketi meza moja, na kubishana naye mbele za watu ni jambo ambalo hata kulitaja alilitaja kwa sauti ya chini. Hakuna aliyejua kwamba mwenzake ameomba chuo. Walikutana pale pale, kwenye meza yetu ya werevu.

Nikamwambia twende tukalieleze jopo. Akanishika mkono kwa nguvu, na neno la kwao likamtoka kwanza.

"Mino siwezi, mama. Nikisema nimekosa nafasi kwa sababu ya baba, nitakuwa nimemshitaki baba. Nikirudi nyumbani nitaishi wapi? Niache niende zangu."

Na kweli alikuwa ameshachukua mkoba wake. Niliangalia lango, niliangalia ukumbi ambako vikombe vilianza kurudishwa, nikaona muda unatutoka. Nikamwuliza swali la kuchelewesha tu, maana sikuwa na jingine: nyumbani, ukiwa na neno la lazima kwa baba mkwe, ng'ombe amepotea, au moto umeshika paa, unafanyaje?

Akanijibu kama mtu anayeulizwa jua hutokea wapi. "Namwambia mtoto, mtoto anapeleka."

"Na kama hakuna mtoto?"

"Nauambia ukuta. Baba anasikia."

Nikamwomba asitoke langoni mpaka nirudi. Hakuahidi, lakini mkoba aliutua.

Daktari Achieng' alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayaheshimu, ingawa siku ile yalinichoma. Alisema anaelewa heshima, kwao pia ipo. Lakini Sidi anataka kuwa mfanyabiashara. Je, akikutana na mkwewe kwenye zabuni? Akikuta meneja wa benki ni mkwewe? Atageuza kiti? Na tukirudia usaili kwa ajili ya mmoja, kesho tutarudia kwa kila aliyeamka vibaya. "Bi Rukia," akasema, "mimi siwezi kumpa alama kwa maneno ambayo hakuyasema."

Nilichokuwa nacho ni ombi: meza nzima irudie, wote, kwa swali lilelile, ili asiwepo aliyependelewa. Na viti tuvipange upya. Kama Sidi atanyamaza tena, mimi mwenyewe nitalikata jina lake na habari ya mlango wa uzoefu sitaitaja tena. Nilipokwisha kulisema hilo nilijua nimeahidi kitu ambacho hakikuwa mkononi mwangu. Akatazama saa. Akasema kabla ya chakula cha mchana, na iwe fupi.

Bado kulikuwa na Mzee Charo, na huyu ndiye niliyemwogopa zaidi. Nilimkuta nyuma ya ukumbi akijaribu kusafisha viatu kwenye majani. Nikamsalimu, nikaulizia Malindi, nikaulizia nazi. Akanikatiza.

"Bibi, wataka mke wa mwanangu abishane nami mbele za watu?"

Sijui alijuaje. Labda alikuwa ameyasoma yote usoni kwangu. Nikamwambia sitaki abishane, nataka aseme, na kwamba asiposema leo atarudishwa nyumbani. Akarudi kufuta kiatu, polepole. Ningeweza kumwambia kwamba na yeye amejipunguzia alama kwa kutazama dirisha, lakini Mwalimu Bakari alinifunza kuwa mzee anayefikiri hasukumwi.

Akauliza ni nani atakayeketi katikati. Nikamwambia nani anamtaka. Akasema yule kijana wa bara, kwa kuwa hana ukoo na yeyote kati yetu na ana sauti ya kusikika.

Basi tukarudi mezani. Binti wa benki alinung'unika kidogo, na alikuwa na haki, maana raundi ya kwanza alikuwa amewashinda wote. Musyoka tukamweka kati ya Sidi na Mzee Charo, viti vya wawili hao vimeelekea mbele, hakuna anayemwona mwenzake. Musyoka mwenyewe hakuelewa ameingizwa katika nini. Nilimnong'oneza tu: ukiambiwa upeleke neno, peleka kama lilivyo.

Mzee Charo akaanza. Akasema kijiji kikubali. Bei moja ni usingizi mzuri, hoteli haikimbii usiku, na mtu mwenye mnunuzi wa uhakika anaweza kupanga. Aliongea vizuri, kwa utulivu, mtu unamwona kabisa alivyojenga biashara yake.

Sidi alikuwa anatazama mikono yake. Daktari Achieng' akaichukua kalamu. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti kwa vidole vyote, nikimwomba Mungu kwa majina yake yote.

"Kaka," Sidi akasema, na sauti haikuwa kubwa. "Nisaidie umwambie baba, nimesikia, na ni maneno ya mtu mzima. Lakini mwulize, kiangazi kikikaza na ng'ombe wakatoa nusu, hiyo nusu nyingine ya hoteli kijiji kitaitoa wapi?"

Musyoka alikaa wima kwanza. Akamgeukia mzee, akarudia. Mzee Charo akamjibu Musyoka kwamba kijiji kitanunua kwa jirani. Musyoka akageuka, akapeleka. Sidi akamwambia Musyoka amwulize baba, jirani atauza kwa bei gani kiangazini, na hoteli italipa bei gani. Musyoka akafungua mdomo apeleke, akaufunga, akapiga hesabu kichwani, nikaona macho yamemtoka. Alikuwa amelielewa kabla ya kulifikisha.

Sasa likaanza kunoga. Mzee hakuwa mtu wa kushindwa haraka. Akasema wateja wadogo wana maneno mengi na malipo ya kusubiri. Sidi akajibu kwamba ni kweli, lakini ukiwaacha mwaka mzima hawatakungoja, na hoteli ikijua huna pengine pa kuuza, mwaka wa pili itakuja na bei yake. Akataka kijiji kiipe hoteli nusu tu, na bei itazamwe upya kila majira yakibadilika. Kijana wa watu shingo ilimwuma kwa kugeuka. Binti wa benki aliacha kunung'unika, akasogea mbele, akauliza mkataba wa namna hiyo unaandikwaje, na Sidi akamwambia moja kwa moja, uso kwa uso, kwamba hajui kuuandika na ndiyo sababu amekuja.

Niliwatazama wenzangu wa jopo. Hakuna aliyekuwa akiandika.

Mzee Charo alikaa akipapasa kifungo cha koti. Kisha akamwinamia Musyoka, lakini kwa sauti ambayo sote tuliisikia.

"Mwambie mwanangu amenishinda."

Musyoka akageuka kupeleka. Sidi alikuwa ameshaufunika uso wake kwa leso, mabega yanatikisika, na Musyoka hakujua kama amwambie au anyamaze. Akamwambia. Nami nikatoka nje, kwa kuwa mtu wa jopo haruhusiwi kulia ukumbini.

Waliingia chuoni wote watatu, na binti wa benki. Daktari Achieng' hakuniambia pole wala hongera. Aliniambia mwakani, kabla ya kuwaketisha watu, tuwape chai kwanza wakiwa wamesimama, na mimi nikae pembeni nitazame nani anamkwepa nani. Tukafanya hivyo kila mwaka. Hilo ndilo ninalowaachia, nyinyi mnaowasaili watu kwa picha ya simu, kila mmoja kwenye kisanduku chake. Kwenye kisanduku hamtaona nani amepita njia ya tope. Ulizeni. Na mkimwona mtu kanyamaza, msiandike haraka.

Swali la Daktari Achieng' lilibaki, la meneja wa benki ambaye ni mkwe. Sidi alilijibu kwa muda wote aliokuwa darasani, kiti cha Musyoka kikiwa katikati. Musyoka alipeleka hoja nyingi sana, nyingine kali, mpaka walimu wakasema ndiye mjadili bora wa darasa lile, na yeye akasema hana hata neno moja lake mwenyewe.

Siku ya mahafali niliketi safu ya nyuma yao. Musyoka hakuwepo. Mkewe alikuwa amejifungua alfajiri ile Takaungu, na habari ilikuja kwa simu watu wakapiga vigelegele. Kwa hiyo kiti chake kilikuwa kitupu, Sidi huku na Mzee Charo kule, wamevaa majoho, kila mmoja anatazama mbele. Niliingiwa na wasiwasi wa kijinga, kama siku ile ya kwanza. Nilijua wana jambo. Nilikuwa nimesikia kwamba wafugaji wa Sidi hawakuweka saini zile karatasi za wanunuzi wakubwa, na wanatafuta njia ya kufikisha maziwa hoteli za Malindi wenyewe. Gari ndilo lililokuwa limewashinda.

Sidi akakiinamia kiti kitupu.

"Kiti, mwambie baba hongera."

Mzee Charo hakugeuka. Alivuta joho lake likae vizuri, akakohoa, kisha naye akakiinamia kile kiti.

"Mwambie mwanangu lori liko tayari. Nazi zangu zitakaa chini, maziwa yake juu."